Mahali pa Maganda

Eliufoo alikuwa na miaka hamsini na mbili alipoanza kuchora boti ya matanga, na bahari alikuwa hajaiona hata siku moja. Watu wa Njoro, pale Moshi mjini alipopanga vyumba viwili, walilicheka jambo hili bila kujificha, na kusema kweli lilichekesha. Mchagga wa Marangu, aliyekulia mahali ambapo maji makubwa kuliko yote ni mfongo, mfereji wa kunyweshea mashamba, unaopita nyuma ya migomba, amekaa juu ya kiti kirefu anachora chombo cha kuzungukia dunia. Fundi cherehani wa jirani alimuuliza kama mlima umeanza kuvuja. Eliufoo akamjibu kwamba haujaanza, akaendelea kuchonga penseli. Hakukasirika, hakucheka. Miaka ile hakuna kilichomfikia.

Zamani hakuwa hivyo. Kwa miaka ishirini alikuwa mchora ramani katika kiwanda kimoja cha serikali cha kutengeneza mashine, nje kidogo ya mji, na mafundi walikuwa wakisema kwamba mchoro wa Eliufoo huna haja ya kuuliza swali. Mstari wake ulianza pale ulipotakiwa kuanza na kuishia pale ulipotakiwa kuishia. Mwaka tisini na tano kiwanda kikauzwa. Mnunuzi alipenda paa na uzio, mashine hakuzipenda, na watu waliozitumia hakuwapenda zaidi. Wakapunguzwa. Siku ya mwisho kila mtu aliruhusiwa kuchukua kitu, na Eliufoo akachukua ubao wake wa kuchorea. Aliukodia mkokoteni, akatembea nyuma yake mji mzima.

Mkewe, Aikande, alikuwa mlangoni akimsubiri. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa maneno, na aliutazama ule ubao kuanzia juu hadi chini kabla ya kusema chochote.

"Wenzako wamerudi na mabati na misumari," akasema. "Wewe umerudi na ubao. Haya, uingize, tutaulia ugali."

Na kweli waliulia ugali, kwa sababu chumba hakikuwa na nafasi ya meza nyingine. Walikula juu yake karibu miaka miwili. Machi ya mwaka tisini na saba Aikande akaanza kukohoa, na siku ya kumi na moja akafa.

Alizikwa Marangu, kwenye kihamba, shamba la ukoo la akina Eliufoo, kati ya migomba na ile mibuni michache iliyokuwa haijang'olewa. Mambo yote mawili yaliyokuja kumtesa Eliufoo yalitokea siku hiyo. La kwanza, hakulia. Alingoja kilio kama mtu anavyongoja chafya, kikapanda, kikarudi, hakikuonekana tena. La pili, alipofika kaburini kabla ya jeneza kuletwa, alitazama shimo akaona ni fupi. Jicho lake halikuwahi kumdanganya katika mambo hayo. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti la suti, akatoa futi ya chuma, akapiga magoti, akapima. Kisha akawaambia vijana waliokuwa na majembe, kwa sauti ileile ya kiwandani, waongeze inchi tatu upande wa juu, yaani upande wa mlimani.

Binti yake alikuwa amesimama hatua nne tu kutoka pale.

Huyu binti ndiye mtoto wake wa pekee. Anaitwa Yuditha, mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi kule Tarakea, ambako ameolewa. Alivumilia siku tatu za msiba. Siku ya tatu, watu wakiwa wamekaa kwenye mabenchi wanasubiri kutawanyika, alisimama mbele ya baba yake macho makavu, naye akiwa ameyakausha kwa hasira.

"Mama umempima kama kabati, baba," akasema. "Hata chozi hukumpa."

Akachukua mkoba wake akaondoka. Tarakea si mbali. Ni upande wa pili wa mlima uleule, Rombo, ukipanda gari Marangu asubuhi mchana unakula huko. Lakini Yuditha hakukanyaga tena Marangu. Krismasi ya mwaka ule, wakati Wachagga wa Dar, wa Mwanza na wa kila mahali walipopanda mlimani kwa makundi, yeye hakuja. Krismasi iliyofuata hakuja.

Kwa mtu wa kwingine labda hilo ni jambo dogo. Kwa Mchagga, mtoto asiyeonekana nyumbani Krismasi watu humuulizia, na wakishauliza mara mbili, mara ya tatu huacha kuuliza. Eliona, dada mkubwa wa Eliufoo, mjane aliyebaki akilinda kihamba, alimweleza ndugu yake bila kuzunguka. Akasema kwamba Krismasi mbili ni hasira na hasira hupoa, ila ya tatu ikipita Yuditha atakuwa ameshazoea, na mtu akishazoea kutokuja kwao harudi. Akasema pia kwamba ni kazi ya baba kutengeneza.

Eliufoo alikubali. Alitaka binti yake arudi, lakini alijua kwamba anataka kama mtu anavyojua kwamba ana njaa kwa kutazama saa. Mara tatu alichukua karatasi aandike barua. Zote tatu ziliishia kwenye "Mpendwa binti yangu". Baada ya hapo kalamu ilisimama, na yeye akakaa akiitazama bila kuona aibu wala uchungu, mpaka akaikunja karatasi akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza.

Januari ya mwaka tisini na tisa akaitwa kazini, na kazi yenyewe ndiyo hii ya boti.

Kulikuwa na Mdenmaki mmoja, Henrik, mzee wa miaka karibu sabini, aliyekuja kuishi Marangu kwa binti yake mwenye nyumba ya kupokea wageni wa kupanda mlima. Maisha yake yote alikuwa akibuni boti za matanga za matajiri wa Ulaya. Sasa mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, chai ikifika mdomoni nusu yake iko kwenye sahani, na alikuwa amebakiwa na kazi moja aliyoiahidi kabla ya kuugua. Kompyuta alizichukia. Alitaka mkono wa mtu. Wapagazi, waliomwita Meku Heni, yaani Mzee Heni, ndio waliomwambia kuna mtu Njoro anachora mstari usiokatika.

Siku ya kwanza mzee alimpa penseli na kumwomba achore mkunjo mmoja mrefu, kutoka pembe hii ya karatasi hadi ile, bila rula. Eliufoo akachora. Henrik akauinamia, akaufuata kwa pua toka mwanzo mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa Kiswahili chake cha wapagazi kwamba mkono wake sasa ni huu. Wakakubaliana. Ubao ukapanda Marangu, na Eliufoo akawa analala kwenye nyumba yake ya kihambani siku za kazi, Njoro akishuka Jumamosi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mume na mke wa huko Denmaki walitaka boti ya meta kumi na tisa. Mume alitaka kushinda mashindano, kuvuka bahari nzima mbele ya wenzake. Mke hakutaka habari ya mashindano. Alitaka kuishi humo miaka mitatu akizunguka dunia, na awe na bafu la maji moto, friji, vitanda vya kueleweka, sinki la marumaru na jiko la kupikia chakula cha watu, siyo cha kambi. Henrik alieleza kwamba hawa wawili walikuwa wanaagiza boti mbili zinazogombana ndani ya ganda moja. Kila kilo anayoiongeza mke ni dakika anayoipoteza mume.

Basi miezi mizima ilikuwa ni kugombana na uzito. Mlingoti ukawa wa nyuzi za kaboni, meta ishirini na sita, uzito wake wanaume wanne wanaubeba. Mkuku, lile pezi refu linaloshuka chini ya boti na kuizuia isipinduke, ukawekewa madini yote ya risasi mwishoni kabisa, tani tisa, ili boti ipate kusimama bila kuongezwa uzito juu. Milango na kuta za ndani zikawa povu gumu lililovishwa mbao nyembamba za kuonekana tu. Marumaru ya yule mke haikukataliwa: ilikwanguliwa ikabaki milimita tatu, ikagandishwa juu ya povu, ukiigusa ni jiwe, ukiinyanyua ni karatasi. Eliufoo alichora kila bawaba na kujumlisha gramu zake. Kazi ilimfaa. Ilikuwa ndefu, ilikuwa ya namba, na haikumuuliza anajisikiaje.

Umbo la tumbo la boti walilijaribu kwenye maji ya kunyweshea migomba. Eliufoo alichonga mfano wa meta moja na nusu kwa mti wa mringaringa. Kwa vile mringaringa ndio uliochongewa mizinga ya nyuki tangu enzi za mababu, majirani waliuliza ni nyuki gani wembamba hao. Wakaupeleka kwenye nduwa, lile bwawa la udongo ambamo maji ya mfongo hukusanywa kabla ya kugawiwa mashambani, wakauvuta kwa uzi na jiwe huku Henrik akishika saa. Ebenezeri, mwenyekiti wa mfongo, alikuja na fimbo yake kusema kwamba maji haya ni ya ndizi na kahawa, hayana posho ya michezo. Kahawa yenyewe bei ilikuwa imeshaanguka, nusu ya watu wamepanda nyanya. Lakini alipouona mfano unakata maji bila kuacha povu nyuma, alikaa chini ukingoni, akatazama mivuto sita, na akatoa ruhusa ya Alhamisi, siku ya zamu ya akina Eliufoo.

Henrik alishangilia siku hiyo. Alimshika Eliufoo mabega kwa ile mikono ya kutetemeka, akamwambia hajapata tumbo zuri kama hilo kwa miaka kumi. Eliufoo alisema ahsante. Alitambua kwamba pale palikuwa mahali pa furaha, akapapita.

Juni wakafika kwenye jiko. Henrik alikuwa na mambo ya matanga kichwani, jiko halikumvutia. Alieleza tu kwamba boti ikikimbia hulala ubavu, sakafu inakuwa kama paa la nyumba, na inakaa hivyo siku tano, siku kumi. Mpishi lazima apike hivyohivyo. Jiko lenyewe linaning'inizwa libembee ili sufuria ibaki wima, ila mpishi haning'inizwi. Akamwachia Eliufoo achore apendavyo.

Sakafu ya kuinama haikuwa habari mpya kwa mtu wa Marangu. Huku nyumba zinainama, mashamba yanainama, kanisani ukiangusha shilingi unaifuata nje. Eliufoo alikaa kwenye ubao siku tatu, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mkono ulipomtangulia. Alichora jiko la kona, lenye nafasi finyu ya kusimama, ili boti ikilala mpishi aegemee kiuno upande mmoja na kukaza goti upande wa pili, mikono ibaki huru. Alichora meza ya kukatia, kigoda cha kukunja cha kumenyea, rafu ya chumvi mahali mkono unapofika bila macho. Chini ya meza, upande wa kushoto, alichora kikapu chenye kidirisha. Akaandika vipimo vyote bila kupima mtu na bila kufungua kitabu. Kisha akapitisha wino juu ya karatasi ya tresing, ile inayopitisha mwanga, na Henrik, ambaye macho yake yalikuwa kwenye mlingoti, akatia sahihi kwa shida akatuma nakala yake Denmaki pamoja na za michoro mingine thelathini na minane.

Agosti faksi ikaingia kwenye duka la vifaa vya ofisi mjini, kurasa mbili kutoka kwa mafundi wa boti. Henrik aliisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mzee kinachokaribia kukohoa, akamwita Eliufoo aje aone.

Mafundi walikuwa na maswali matatu. La kwanza, mbona meza ya jiko iko sentimita themanini na mbili kutoka sakafuni? Mwenye boti ni mwanamke wa meta moja na sabini na nane, atapikia magotini. La pili, kwa nini kwenye ubavu wa boti ya mashindano, juu kidogo tu ya mstari wa maji, kumechorwa tundu lenye mlango wa kufungukia nje? Bahari itaingia. La tatu, ndani ya lile tundu pameandikwa neno ambalo hawakulipata katika kamusi yoyote. Michoro yote imeandikwa Kiingereza safi, isipokuwa hapo. Neno lenyewe lilikuwa MAGANDA.

Eliufoo aliutazama mchoro wake. Mwandiko ulikuwa wake.

Pale Marangu, jikoni kwa Aikande kwenye nyumba yao ya kihambani, kulikuwa na kidirisha cha chini kwenye ukuta wa kushoto. Upande wa pili wa ukuta huo ndipo lilipo hori la ng'ombe. Aikande alikuwa akimenya ndizi za mtori amekaa kwenye kigoda, na maganda anayasukuma kwa mkono wa kushoto bila kugeuka, ng'ombe akiyapokea huko nje huku wakisemezana. Hakuna jiko la Mchagga lisilokuwa na mahali pa maganda. Na Eliufoo, mchora ramani wa miaka ishirini, alikuwa ametoboa ubavu wa yoti ya kifahari ili ng'ombe apate kula katikati ya bahari ya Atlantiki.

"Baharini hakuna ng'ombe, Bwana Eliufoo," Henrik akasema, akifuta macho.

Eliufoo akaitika kwamba ni kweli, hakuna.

Kicheko cha mzee kikaisha polepole. Alirudi kwenye vipimo, akaweka kidole kinachotetemeka juu ya meza, juu ya rafu ya chumvi, juu ya ile nafasi ya kiuno, akapiga hesabu za kichwani. Kazi ya maisha yake ilikuwa kujua mwili wa mtu kutokana na nafasi anayoihitaji. Akauliza ni nani huyu mwenye sentimita mia moja hamsini na mbili.

"Mke wangu," Eliufoo akasema.

Henrik alijua kwamba Eliufoo ni mjane, wapagazi hawana siri. Eliufoo alichukua wembe, maana wino juu ya tresing haufutwi kwa raba, hukwanguliwa taratibu kwa wembe mpaka karatasi inabaki tupu. Akauweka juu ya namba themanini na mbili. Akakaa hivyo. Henrik aliutoa wembe mkononi mwake na kuuweka mezani, akamsogezea karatasi mpya, akamwambia achore jiko jingine la mwanamke mrefu, na hili la kwanza akae nalo.

Jiko la mwanamke mrefu lilimchukua Eliufoo wiki nzima, na lilikuwa zuri, halikuwa na kosa. Mwenye boti aliposimuliwa kisa cha ng'ombe, aliandika kwamba tundu lizibwe, ila kikapu kibaki, na neno lake libaki hapohapo lilipo. Henrik alimsomea Eliufoo faksi hiyo. Eliufoo alisema ni vizuri.

Ile karatasi ya kwanza aliibandika ukutani kwa muda. Oktoba ikapita. Novemba mvua za vuli zikaanza, na Eliona akaanza kuhesabu wiki za kufikia Krismasi kwa sauti, kila alipopita na majani ya ng'ombe. Eliufoo akajaribu barua ya nne. "Mpendwa binti yangu." Akatazama ukutani. Ilimjia kwamba kuna mambo ambayo ameshayaandika na hana namna nyingine ya kuyaandika, na kwamba Yuditha ni mwalimu wa hesabu, namba anazisoma. Akaibandua karatasi, akaikunja mviringo, akaisokomeza ndani ya bomba la plastiki na kuziba ncha kwa matambara. Hakuweka barua. Asubuhi alimkabidhi kondakta wa basi la Tarakea, akamwelekeza shule.

Jibu halikuja. Desemba tarehe kumi halikuja, tarehe ishirini halikuja. Watu wakaanza kupanda kutoka Dar na magari yao, barabara ikajaa vumbi na salamu. Eliona alimwambia ndugu yake kwamba atapika mtori wa watu wachache. Eliufoo akasema sawa. Alikaa barazani akijaribu kujua kama anaumia, kama mtu anayejifinya mguu uliokufa ganzi, na hakuwa na hakika.

Tarehe ishirini na nne, saa tisa alasiri, Yuditha akaingia.

Alikuwa peke yake, kitenge kiunoni, bomba la plastiki kwapani. Hakuja barazani. Alipita pembeni ya migomba moja kwa moja mpaka kwa shangazi yake, akaomba ufunguo wa jiko la mama yake, ambalo halikuwa limefunguliwa tangu msiba. Eliufoo akasikia mlango ukisukumwa. Halafu akasikia sauti anayoijua kuliko zote duniani, ya futi ya chuma ikivutwa, ikiachiwa na kurudi ndani ya kasha lake. Ikavutwa tena, ikarudi. Ilivutwa mara nyingi. Hakuthubutu kusimama.

Alipotoka alikuwa na masizi kwenye kiwiko na utando wa buibui kwenye nywele. Akaja akasimama mbele ya baba yake, palepale aliposimama siku ile ya tatu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Akakunjua karatasi juu ya benchi, akaikandamiza kwa kiganja.

"Meza, themanini na mbili," akasema. "Ni themanini na mbili. Toka meza hadi rafu ya chumvi, arobaini na moja. Ni arobaini na moja. Kidirisha cha maganda umekosea nusu sentimita, na nadhani ni ukuta umeshuka. Jiko hili ulilipima lini?"

"Sijawahi kulipima."

"Baba."

"Sijawahi, mwanangu. Ile meza alitengenezewa na kaka yake, mimi nilikuwa kiwandani. Nilikuwa nakaa tu hapo mlangoni namwangalia akipika."

Yuditha aligeuka akautazama mlango wa jiko. Alikuwa na swali jingine na baba yake alilijua kabla halijatoka, kwa hiyo akalijibu.

"Siku ile sikumpima mama yako. Nilipima shimo. Niliogopa lisimtoshe."

Eliona alikuwa amesimama kwenye migomba na bakuli la ndizi mbichi, hakusogea. Yuditha alitazama mchoro muda mrefu. Akaweka kidole kwenye lile neno lililowashinda Wadenmaki, na mdomo ukamcheza kidogo upande mmoja, kama mama yake alipokuwa akitafuta neno la kumsema mtu. Kisha akaenda kwenye mlango wa nyumba, akavua viatu, akaegemea mwimo, visigino vimegusa mbao, kidevu kimenyooka.

"Na mimi nipime," akasema.

Eliufoo aliinuka. Akachukua futi mkononi mwa binti yake, akapiga magoti, akaikanyagisha ncha chini kwa kidole gumba, akaipandisha. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha binti, bapa, kama alivyokuwa akifanya huyu alipokuwa mtoto wa shule. Hakuwa na haja ya kusoma. Umbo lilikuwa lilelile la Aikande, mabega yaleyale, hata kusimama kwenyewe.

"Mia hamsini na mbili," akasema.

"Hujaangalia, baba."

Akaangalia. Futi ilisema mia hamsini na nne. Akaisogeza akaisoma tena, maana jicho lake halikuwahi kumdanganya. Mia hamsini na nne. Yuditha alikuwa amemzidi mama yake kwa sentimita mbili, na huenda alikuwa amemzidi tangu akiwa msichana, na baba yake hakuwahi kuona. Eliufoo akabaki amepiga magoti na futi mkononi, akizitazama zile sentimita mbili. Ile mia hamsini na mbili haikuwa imesimama mlangoni pale. Haikuwa Tarakea wala Njoro wala jikoni. Haikuwapo mahali popote ambapo angeweza kuiwekea futi tena, isipokuwa kwenye karatasi iliyokuwa juu ya benchi.

Futi ikamponyoka, ikarudi kwenye kasha lake kwa kishindo, na sauti iliyomtoka baada ya hapo, Eliona alisema baadaye, ilimfanya ng'ombe ageuke kutazama. Alilia miaka miwili na miezi tisa kwa mara moja, amepiga magoti, paji la uso likiwa kwenye sakafu ya mlango.

Yuditha hakumwinua na hakumwambia anyamaze. Alibaki ameegemea mwimo, visigino vimegusa mbao, kidevu kimenyooka, akisubiri baba yake amalize kumpima.